Milango Isiyovuja

Baba yao mdogo alipofariki bila mtoto, ndugu waligawana mali yake kwa upendo mkubwa. Kaka mtu alichukua nyumba, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Wa pili alichukua shamba, kwa kuwa ndiye mwenye akili za shamba, ingawa jembe hajawahi kulishika hata kwa kulisogeza njiani. Mzee Haivuji, ambaye ndiye aliyemuuguza marehemu, akamlisha uji na kumgeuza kitandani, alipewa gari. Walimweleza kwa sauti ya huruma kwamba gari ni chombo cha heshima, linamfaa mtu mtulivu kama yeye. Gari lenyewe lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba tangu enzi za ujana wao, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na kutu ilikuwa imelila kutoka chini kwenda juu hata ukiingia ndani unakanyaga nyasi. Naye akashukuru. Akawashukuru wote wawili, mmoja mmoja, kwa kuwapa mkono.

Jina la Haivuji ni la biashara. Mzee huyu alikuwa fundi bati, na maisha yake yote aliyamaliza kwenye kibanda akitengeneza ndoo, mabeseni, makopo ya kumwagilia maua na mifereji ya mapaa. Mteja akija kuchukua ndoo yake hapewi hivi hivi. Itajazwa maji, itatundikwa kwenye msumari, na mteja atasimama hapo na shughuli zake zote, akitazama udongo chini ya ndoo kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Udongo ukibaki mkavu, fundi anasema neno moja tu: "Haivuji." Basi watu wakamwita hivyo, naye akalipokea jina kama wengine wanavyopokea nishani. Kisha plastiki ikaingia mjini, ndoo za rangi zote za peremende, na hakuna aliyehitaji tena kusimama akitazama udongo.

Sasa kuna shemeji yake. Huyu ni dada mkubwa wa mkewe, mwanamke mwenye sauti na mwenye maoni, anayeishi upande wa pili wa mji. Siku ya harusi, mbele ya kadamnasi, alimkumbatia mdogo wake akasema, "Haya mwanangu, umeolewa na ndoo." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana harusi naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana afanyeje. Miaka imepita, wajukuu wamezaliwa, na neno lile bado lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama na yeye humwita hivyo hivyo, alikuwa na magoti. Kila mtu ana magoti, ndiyo, lakini ya Mama yalikuwa habari nyingine. Ngazi za basi zilikuwa zimemshinda kabisa. Zamani alikuwa akienda kwa dada yake kila mwisho wa wiki wakakaa kusema watu mpaka jua linazama. Sasa ilibaki simu. Na simu, kama ajuavyo mtu yeyote mwenye dada, haitoshi kusema watu.

"Nitakupeleka na gari letu wenyewe," mumewe akamwambia, siku lile gofu lilipovutwa kwa kamba likaingizwa uani na kung'oa kamba ya nguo.

"Gari gani, hili la kuku?"

"Hili."

"Mzee wangu, teksi si zipo?"

"Mke wa mtu mwenye gari apande teksi?" Alisema hivyo akiwa amesimama ndani ya gari, na miguu yake ilionekana chini, imekanyaga ardhi.

Mama angeweza kushikilia hapo hapo, na mambo yote yangekwenda vingine. Lakini naye ana damu. Jioni ile alimpigia dada yake akajikuta amesema, "Nitakuja huko karibuni, na gari letu." Dada mtu alicheka mpaka akapaliwa, kisha akauliza kama hilo gari lina kishikio cha kubebea. Mama akakata simu, akamwendea mumewe na kikombe cha chai, akamuuliza kazi inaanza lini. Habari za teksi hazikutajwa tena kwa muda mrefu.

Kazi ikaanza. Mtu mwingine angetafuta vipande vya gari kama lile kwa wauza vyuma chakavu. Mzee Haivuji alikwenda kutazama mara moja, akarudi amenuna, akasema bati alilofua mwingine halimwingii akilini. Atafua mwenyewe. Meza ya kulia ikatolewa uani ikawa ya kukatia. Maboksi ya katoni yakachanwa, yakapimwa kwenye ubavu wa gari, yakakatwa kwa mkasi kuwa vielelezo. Gunia likajazwa mchanga, bati likalazwa juu yake, nyundo ya mbao ikaanza: tu, tu, tu, pigo dogo pembeni ya pigo dogo, kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka bati bapa likaanza kuvimba lenyewe taratibu. Kisha likahamishiwa kwenye kichwa cha chuma kilichong'arishwa, likasuguliwa kwa nyundo laini kuondoa makunyanzi. Madigadi moja, lile bati la juu ya gurudumu, lilichukua muda ambao mtu mwingine angejenga choo. Kwa kuwa uani kulikuwa na mvua na wezi, kila kipande kilichokamilika kililala chumbani.

"Leo tunalala na boneti au na buti?" Mama alikuwa akiuliza akipanga mito.

Haya, tuseme ukweli, maana chuki hazijengi. Madigadi yale yalitoka mazuri. Ukipitisha kiganja juu yake hukuti bonde wala kilima, na pale yanapojikunja kuifuata taa, mkunjo unakwenda bila kusita. Ukingoni alikuwa amekunja bati juu ya waya, kama ukingo wa ndoo, kwa sababu mikono yake haikujua ukingo mwingine. Jirani yao, Makanika, mstaafu mwenye kikohozi aliyekuwa akifufua injini ya gari kwa kuchoka kukaa bure, alilishika moja akasema, "Hapa umefanya kazi." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu tangu siku ile akaanza kutembea amerudisha mabega nyuma hata akienda msalani.

Wakati huo kwenye simu mambo yalikuwa yanabadilika. Dada mtu alimuuliza Mama kama watoto wamesharudi shule. Watoto hao wana vipara na watoto wao. Mama alifikiri ni mzaha, akacheka. Upande wa pili hakucheka mtu. Wiki nyingine akauliza swali hilo hilo mara mbili katika maongezi yale yale. Kisha siku moja alisema, "Sawa mama, nitafunga mlango," akakata simu. Mama alikaa kizingitini na simu mapajani.

"Mzee," akasema, "dada ananichanganya na marehemu mama."

Mumewe alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja kwa heshima. "Uzee huo, Mama. Sote tunauendea. Nimalize milango tu, tunakwenda."

"Niitie teksi niende kesho."

Hapo ungedhani amepigwa kofi. Hakugomba, afadhali angegomba. Aliweka nyundo chini taratibu, akanawa, akaingia ndani, akala vijiko viwili, akalala ameugeukia ukuta. Kesho yake hakugusa bati. Kesho kutwa hakugusa bati. Alikaa kwenye kigoda akitazama gari kama mtu aliyefiwa, na nyumba nzima ikawa na kimya kisichovumilika, kwani walikuwa wameshazoea nyundo. Mama akamwonea huruma. Akamwambia haya, malizia hiyo milango, lakini usichelewe. Huruma za wake zimeponza wengi, ila yeye hakuwa wa kuambiwa.

Milango ndiyo ilikuwa fahari yake. Ile ya zamani ilikuwa imeoza upande wa chini, na kwenye ukingo wa chini kabisa kulikuwa na vitundu virefu virefu vimepangana. Mzee Haivuji akaviona, akatikisa kichwa. Kutu, akasema. Tazama kutu inavyofanya kazi kwa mpangilio. Yeye akakunja bati la nje juu ya bati la ndani, mkunjo juu ya mkunjo kama kitako cha ndoo, akapitisha lehemu kutoka kona hadi kona mpaka chungu asingepata pa kuingiza mguu.

Makanika alikuja akapitisha kidole chini ya mlango. Akakipitisha tena.

"Matundu umeyaweka wapi?"

"Matundu ya nini?"

"Ya maji. Mvua inaingia hapa juu, kwenye mwanya wa kioo, inateremka ndani ya mlango, inatokea chini. Magari yote ndivyo yalivyo."

"Magari ya wavivu ndivyo yalivyo," akasema Mzee Haivuji. "Mimi tangu nizaliwe sijatengeneza kitu nikakitoboa chini. Nitawaambia nini watu?"

"Watu gani?"

Mzee Haivuji akachukua nyundo yake. Makanika akakohoa, akarudi kwenye injini yake, ambayo angalau ilikuwa inakubali ushauri.

Gari likapakwa rangi ya maziwa. Likawaka, likazima, likawaka tena. Safari ikapangwa Jumamosi. Mama akashona kitambaa cha kiti, akatayarisha gauni, akampigia mpwa wake, binti wa dada mtu anayekaa naye, akamwambia wajiandae. Ijumaa ikanyesha mvua ya kishindo. Jumamosi asubuhi Mzee Haivuji alishika mlango wa abiria, akauvuta, na ndani yake kitu kikasema chubwi. Akauvuta tena. Chubwi. Mlango ulikuwa umejaa maji mpaka karibu na kioo, na bawaba zilikuwa zimelegea kwa uzito, ukaning'inia kama mdomo wa punda aliyechoka.

Unadhani alisononeka? Alipiga magoti matopeni, akapapasa ukingo wa chini wote, akainuka na mkono mkavu. Uso ulimng'aa. "Mama," akaita, "njoo uone. Hata tone."

Mama alikuja na gauni lake la safari, akaona. Alitazama mlango, akamtazama mume aliyempata, akarudi ndani kuvua gauni.

Baada ya hapo likaja jambo la raba. Kwa kuwa kutoboa hakuwezekani, maji yazuiwe kuingia. Akaweka raba kwenye mwanya wa kioo, mvua ikapita. Akaweka raba juu ya raba, kioo kikagoma kushuka na mvua ikapita. Akatia nta. Mvua, ambayo haijui heshima ya mtu, ikapita. Kila ikikatika alikuwa anatoka na mpira wa kunyonyea maji, anachuruzisha milango yote minne, anakaza bawaba, kisha anaanza upya na mbinu mpya. Kila jioni alimwambia mkewe kwamba wiki hii haiishi. Wiki zikaisha. Mama alirudisha gauni sandukuni. Simu zake na dada yake zilikuwa fupi sasa, na mara nyingine aliyekuwa akiongea ni mpwa.

Asubuhi moja mpwa ndiye aliyepiga. Mama alisikiliza, akasema "ehe" mara kadhaa, akaweka simu mezani. Alivaa gauni. Alijifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo, bila haraka, akachukua mkongojo wake, akatoka uani, akafungua mlango wa abiria, akajipakia garini kwa shida, goti moja kisha la pili.

"Twende," akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mzee Haivuji alijaribu kufunga mlango wa mkewe, ukagoma. Ulikuwa umezama chini kwa uzito, haufiki kwenye kitasa. Ndani maji yalikuwa yanaenda na kurudi.

"Ngoja niuchuruzishe kidogo," akasema. "Naleta mpira."

"Toboa."

"Mpira uko hapo tu, Mama, si—"

"Mpwa wangu anasema dada amelitaja jina langu leo. Amelitaja, kisha akamuuliza hilo ni jina la nani." Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo. "Nimekungoja na madigadi. Nimekungoja na rangi. Nimelala na mabati ubavuni kama mwizi wa mapaa, sikusema. Leo sikungoji na maji. Toboa."

"Hiyo ni kazi ya mikono yangu."

"Na yule ni dada yangu."

Alisimama. Watu waliomjua kwenye kibanda wangesema hajawahi kusimama hivyo, mikono ikining'inia bila chombo. Kisha akaenda kuchukua msumari mnene na nyundo. Alijilaza chini ubavuni mwa gari, akaupapasa ukingo ule aliouziba mwenyewe, na akakaa nao kidogo kidoleni. Roho ilimuuma, tusimcheke hapo. Akapiga. Maji yakamwagika yakamwenda shingoni, machafu, ya mvua ya alfajiri, akahamia upande wa pili wa mlango akapiga tena, kisha mlango wake, kisha ya nyuma, na alipoinuka alikuwa amelowa hadi kwenye mfuko wa shati. Mlango wa Mama ukafunga kwa sauti nzuri, fupi. Makanika alikuwa amesimama kwenye ua wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukohoa.

Gari, kwa taarifa yako, lilikwenda vizuri sana. Watu walikuwa wanageuza shingo barabarani, dereva mmoja akapiga honi ya heshima, na Mzee Haivuji, pamoja na yote, alinyoosha mgongo. Mtu hujaribu kujizuia.

Shemeji mtu alikuwa ameketi barazani kwa bintiye, amevaa vizuri, amenona kiasi, mbele yake rundo la nguo. Alikuwa anazikunja. Moja akiimaliza, anaikunjua, anaanza tena. Mpwa alikuja mbio kumsaidia Mama kushuka. Mama akapanda baraza kwa mkongojo wake, akainama, akaushika mkono wa dada yake kwa mikono miwili.

"Dada. Nimekuja."

"Karibu, mama, karibu sana," akasema dada mtu kwa ile sauti tunayowawekea wageni. Akamtazama usoni kwa upole. Akamgeukia bintiye. "Mpe mgeni kiti, huoni miguu inamsumbua?"

Kiti kikaletwa. Mama akakaa. Hakuachia mkono mpaka dada mtu mwenyewe alipouchomoa taratibu, kwa adabu, ili ainuke. Alikuwa ameliona gari.

Alishuka barazani peke yake, miguu yake ikiwa mizima kabisa, akalizunguka gari lote. Akaweka kiganja juu ya madigadi, akakiteremsha mpaka kwenye taa, akakipandisha tena. Mzee Haivuji alikuwa amesimama hapo na shati lake lililolowa. Tangu siku ya harusi alikuwa akiiota siku hii, usiku baada ya usiku, na katika ndoto zake kila kitu kilikuwa hivi hivi, hata mkono.

"Gari zuri hili," akasema shemeji. "Nani amekutengenezea?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Mungu aibariki hiyo mikono. Sijaona kazi kama hii." Kisha akatazama barazani, akamvuta shati, akapunguza sauti kama mtu asiyetaka kumkwaza mgeni aliyeketi kule. "Baba, nikuombe kitu. Wewe una gari. Mimi nina mdogo wangu, upande ule wa pili wa mji. Magoti yanamsumbua, mabasi hayawezi. Mumewe anamtengenezea gari amlete, lakini halijaisha. Kila siku nauliza, halijaisha. Wewe la kwako limeisha. Mpitie basi, umlete, nimemkumbuka sana."

Mzee Haivuji alimtazama mkewe. Baraza halikuwa mbali, na Mama alikuwa amesikia yote.

"Sawa, shemeji," akasema. "Nitamleta."

Na Mama akavuta kiti chake karibu na rundo, akachukua nguo moja, akaanza kukunja.